Mvua imekatika, mlima bado!

Natumaini mshahara umeingia, mwenzako hajanuna, na bosi hajakufuma ukisoma ukurasa huu saa za kazi. Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za nani kapigiwa simu saa nane usiku na nani kafuta meseji kabla haijasomwa. Tunapanda mlima. Na tunapanda kwa baiskeli.

Usicheke. Zamani ukimwona mtu mwenye digrii yake na tai yake anakanyaga pedeli, unajua tu gari limechukuliwa na wenye mkopo wao. Siku hizi mambo yamegeuka. Vijana wa maofisini wananunua baiskeli za gia, wanavaa kofia ngumu na vikaptula vya kubana, Jumamosi alfajiri hao barabarani. Na wapenzi nao wamegundua kwamba wikiendi ya baiskeli milimani ina utamu wake kuliko kukaa baa kila mtu akitazama simu yake. Mimi hapo sina ubishi.

Sasa, kuna dada mmoja wa Dar es Salaam, mhasibu, umri miaka 28, ameniandikia. Yeye na mchumba wake walipanga kupanda basi hadi Mombo, baiskeli kwenye buti, halafu wapande kwa miguu yao hadi Lushoto, walale siku mbili, warudi wakiteremka. Siku mbili kabla ya safari mvua kubwa ya upepo ikapiga milimani usiku kucha. Dada akasema tuahirishe. Mchumba akamjibu: “Baby, mvua imeshakatika, jua linawaka, unaogopa nini? Ina maana huniamini?” Swali lake kwangu ni fupi: “Nikikataa naonekana mwoga na mharibifu wa raha. Nikikubali roho yangu haitulii. Nifanyeje?”

Dada yangu, nitafika kwenye huyo mchumba. Lakini naanza na mlima, kwa sababu mlima haubembelezwi.

Wanaoijua barabara ya Mombo hadi Lushoto wanajua ninachosema. Ni kilomita kama 32 za lami nyembamba, na ndani yake unapanda takriban mita 1,000. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, na kona ambazo huoni kinachokuja mpaka kimeshafika. Wajerumani ndio walioufanya mji wa Lushoto kuwa makao yao ya baridi, wakauita Wilhelmstal. Ukifika Soni, karibu na yale maporomoko ya maji, ndipo unaelewa kwa nini watu walihangaika kufika huku. Ni pazuri mno. Lakini barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima maana yake ni kwamba mlima ulikatwa mguu ili barabara ipite. Ule udongo na yale mawe ya juu yanakaa pale kwa kushikana tu. Maji yakiingia katikati, kule kushikana kunalegea.

Na hapa ndipo jua linapowadanganya wengi. Mvua kubwa ikikatika, maji yaliyo juu ya lami yanakauka ndani ya saa chache. Yaliyoingia ardhini hayakauki. Yanaendelea kushuka taratibu ndani ya udongo, yanauongezea uzito, yanausukuma kutoka ndani, na mteremko unaweza kuachia saa nyingi au hata siku kadhaa baada ya mvua kwisha, mbingu zikiwa za buluu na ndege wakiimba. Ndiyo maana “jua linawaka” si jibu. Jua linakausha kamba ya nguo, mlima lina kazi nao ndefu.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Hanang. Desemba 3, 2023, siku ya Jumapili, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Na Novemba 2009, jirani kabisa na Usambara, maporomoko ya udongo yalizika watu katika kijiji cha Goha, milima ya Upare, wilayani Same. Hawa hawakuwa wapanda baiskeli waliotafuta hatari. Walikuwa nyumbani kwao. Wewe mwenye nafasi ya kuchagua siku ya kupita, chagua.

Basi unachaguaje? Anza na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanapotoa taarifa zao huwa wanapanga: kuna angalizo, kuna tahadhari, na kuna tahadhari kubwa. Ukisikia tahadhari kubwa kwa mkoa unaokwenda, funga mjadala. Usiangalie siku ya safari peke yake. Angalia na siku tatu zilizotangulia, kwa sababu mlima una kumbukumbu.

Pili, uliza watu. Lakini jamani, tujifunze kuuliza. Ukifika stendi ya Mombo ukauliza “Barabara inapitika?” utajibiwa “Inapitika bosi, hamna shida.” Sisi tumelelewa hivyo, hatupendi kumvunja mgeni moyo. Tena anayekujibu huenda anauza tiketi. Badala yake mtafute dereva aliyeshuka asubuhi hiyo, wale wa malori ya mboga na matunda ni hazina, umuulize: “Wewe umepita saa ngapi? Mawe umeyakuta wapi? Greda lipo kazini?” Hapo utapata habari zenye nyama. Akikuambia amekuta mawe mapya mahali palepale palipokuwa pamesafishwa jana, basi mlima bado unaongea. Mwache umalize.

Binafsi sipendi kabisa mtu apande siku ileile dhoruba imekatika. Siku nzima ya ukavu ndiyo naiona kuwa kianzio, na kama imenyesha wiki nzima mfululizo, hata hiyo haitoshi. Hakuna idadi ya saa inayokupa hati ya usalama.

Mkishaamua kupanda, macho yafanye kazi kuliko miguu. Vijiwe vidogo vibichi juu ya lami safi ni salamu kutoka juu, vikubwa vinaweza kuwa njiani. Ufa mpya kwenye lami au ukingoni, mti au nguzo iliyoinama kuelekea barabarani, maji yanayotoka ukutani mahali pasipokuwa na chemchemi, yote hayo yanakuambia neno moja. Kuna na ile ambayo wengi hawaijui: kijito kilichokuwa kimejaa kikipungua ghafla wakati hakuna sababu, usifurahi. Yawezekana juu huko udongo umekiziba, na kile kizuizi kikipasuka maji yote yatakuja kwa mkupuo. Ukisikia mngurumo kama wa lori na lori hulioni, ondoka hapo, tena kwa kwenda pembeni ya njia ya maporomoko, si kwa kukimbia mbele yake kuteremka nayo.

Sehemu ikiwa mbaya na lazima mpite, msipite wote wawili kwa pamoja. Mmoja anasimama mahali salama, anatazama juu, mwingine anapita haraka bila kusimama. Akishafika ng'ambo, anageuka na yeye anamtazamia mwenzake. Msisimame chini ya ukuta wa mwamba kunywa maji, wala kupiga picha. Najua, picha ya wapenzi na ukuta wa mwamba mbichi nyuma inapendeza sana. Ipigeni Irente, kule kuna nafasi.

Maji yanayokatisha barabara yana mahesabu yake. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu, yaani hayafiki hata nusu ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinabeba gari. Na baiskeli usidhani itakusaidia, magurudumu yake yanawapa maji mahali pa kukusukuma. Halafu huoni chini kuna nini. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, barabara kuu ya lami inayobeba mabasi na malori. Sasa kalavati la mlimani ni nini? Lami inaweza kuonekana nzima juu kumbe chini yake maji yamechimba pango. Kwa hiyo baada ya dhoruba usipande ukingoni kabisa karibu na korongo. Kaa kushoto kama sheria inavyotaka, lakini jiachie nafasi, na magari yakija shuka usimame. Ukikuta waya wa umeme umelala barabarani, rudi. Huo una umeme mpaka mafundi wa TANESCO wenyewe waseme hauna.

Sasa kuteremka. Hapa naomba utulie usome taratibu, kwa sababu kupanda kunachosha tu, kuteremka ndiko kunakoumiza.

Breki kwanza. Kama baiskeli yako ina breki za raba zinazobana rimu, ujue zikilowa hazikamati mara moja. Gurudumu linazunguka kwanza raba zikifuta maji, ndipo zinashika, na wakati huo wewe umeshasogea mita kadhaa usizozipanga. Breki za diski zina nafuu, lakini nazo tope lenye mchanga linazila. Kila baada ya muda mfupi zibane kidogo ili kufuta maji, hata kama huna haja ya kupunguza mwendo. Kwenye mteremko mrefu usining'inie kwenye breki mwanzo mwisho. Rimu inachemka, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Bana kwa nguvu ya kiasi, achia zipoe, bana tena.

Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukishaingia ndani na lami imelowa, halafu ukashtuka ukakamata breki ya mbele, gurudumu linateleza na unalala ubavu kabla hujamaliza kusema “mama”. Punguza mapema, pedeli ya upande wa nje iwe chini na uikanyage, macho yatazame unakotaka kwenda. Ukilitazama korongo, mikono nayo italifuata, ndivyo mwili ulivyo. Tairi zitoe upepo kidogo ili zishike vizuri zaidi, kidogo nimesema, zikilegea sana utakula pancha kwenye kila shimo. Epuka mistari iliyopakwa rangi, vyuma vya madaraja na majani yaliyolowa, vyote vinateleza kama sabuni. Na ule udongo mwekundu uliomwagika kwenye lami, ambao ukipita Lushoto kuelekea Mlalo au Mtae ndio barabara yenyewe, ukilowa hauna urafiki na tairi la aina yoyote. Shuka usukume. Hakuna anayekupigia makofi wala anayekuzomea, labda watoto, na watoto watakuzomea hata ukiendesha.

Acheni nafasi baina yenu. Mkiwa kwenye tambarare pandeni sambamba mkipiga soga, lakini kwenye mteremko wenye maji mwachieni kila mtu njia yake, mita thelathini au zaidi, ili wa mbele akianguka wa nyuma asimmalizie.

Kuna na baridi. Sisi watu wa joto hatuiheshimu. Umepanda unavuja jasho, fulana ya pamba imelowa chapachapa, sasa unateremka kwa kasi, upepo unakupiga kifuani. Vidole vinakufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakibani breki. Beba fulana kavu ya kubadilisha kule juu na koti jepesi la kuzuia upepo. Huna koti? Fanya walivyofanya wakimbiza baiskeli wa zamani wa Ulaya: sukuma gazeti ndani ya fulana, kifuani. (Hili unalosoma karatasi yake ni nzito, nunua la kila siku.) Mengine unayajua: kofia ngumu, taa mbele na nyuma kwa sababu ukungu wa Usambara haupigi hodi, nguo ya rangi ya kuonekana, pampu, tyubu ya akiba, filimbi. Filimbi ina kazi kwa sababu korongoni mtandao wa simu hauna uhakika na sauti inakauka. Hifadhini na namba: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni dharura polisi.

Haya, turudi kwa mchumba.

“Ina maana huniamini?” Dada yangu, hilo swali lina mtego, na mtego wenyewe ni kwamba limebadilisha mada. Wewe ulikuwa unazungumzia udongo, yeye kakuvuta kwenye mapenzi. Kumwamini mchumba na kuuamini mteremko uliolowa ni vitu viwili, na unaweza kuwa na cha kwanza kwa asilimia mia bila cha pili hata chembe. Mjibu hivyohivyo, kwa upole: “Wewe nakuamini, ndiyo maana nakuambia naogopa. Mlima siufahamu.” Halafu mwombe mpige simu pamoja, muulize walioko kule. Mara nyingi mwanamume ambaye hawezi kurudi nyuma mbele ya mpenzi wake anaweza kurudi nyuma mbele ya habari. Mpe hizo habari ashike.

Na wewe kaka unayesoma hapa huku unaguna: sikulaumu kwa kutaka kwenda. Umelipa chumba, umeomba ruhusa, umewaambia washkaji. Inauma. Lakini ukimburuza mtu anayetetemeka kwenye barabara ya makorongo, unateremka na mtu ambaye mikono yake imekakamaa kwenye usukani, na mikono iliyokakamaa haikati kona. Woga wake ni sehemu ya hali ya barabara, uuhesabu kama unavyohesabu tope.

Akina dada nao msidhani nimewabeba. Nawafahamu walioshinikiza safari kwa sababu nywele zimesukwa na picha zinasubiriwa, kaka wa watu anasita, anaitwa “mwanaume gani wewe”. Ni yaleyale, kavaa gauni tu.

Kwa wanandoa na wachumba wanaopanda pamoja, mimi nina kanuni ninayoitetea popote. Wekeni makubaliano kabla hamjatoka nyumbani, si mlimani: yeyote kati yenu akisema “tusimame”, mnasimama. Hapo hapo. Hakuna kuulizwa sababu mpaka miguu iwe chini. Akisema “tugeuke”, mnageuka, na hakuna kuirudia hadithi hiyo mbele ya marafiki kwa kicheko mwezi unaofuata, wala kuitoa siku ya ugomvi. Mkishindwa kukubaliana hili kwa baiskeli, ambalo ni jambo dogo, basi hata mazungumzo ya mkopo wa nyumba nayaonea huruma. Kupanda, mwendo unapangwa na aliye mpole zaidi. Na aliye hodari asiwe na tabia ya kutangulia, kumngoja mwenzake juu, halafu akianza kufika tu yeye anaondoka tena. Mwenzio hajapumzika hata dakika moja, wewe umepumzika kumi. Ndoa kadhaa zinaishi hivyo bila hata baiskeli.

Kuna adui mmoja ambaye hatajwi kwenye safari hizi, naye ni Jumatatu. Mko Lushoto, Jumapili mchana mvua inashuka, barabara ina ukungu, kila kitu kinakuambia ulale. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi kuna kikao, na bosi ni yule unayemjua. Basi watu wanaanza kuteremka saa kumi na moja jioni, breki zimelowa, taa hazina chaji, na giza la korongoni linaingia mapema kuliko la Mombo. Ombeni ruhusa ya Jumatatu kabla ya kuondoka mjini, hata kama mnaona hamtaihitaji. Mkiwa hamkuiomba, piga simu useme ukweli kwamba barabara si salama. Wekeni na akiba ya chumba cha usiku mmoja zaidi kwenye bajeti. Na msidhani kupakia baiskeli kwenye basi siku hiyo ni suluhisho la kila kitu. Basi nalo linapita chini ya mwamba uleule. Linawasaidia kwa breki na baridi, kwa mawe haliwasaidii.

Dada mhasibu, kama mkiahirisha, piga simu hoteli mapema uombe kusogeza tarehe badala ya kudai hela irudi, uwezekano ni mkubwa zaidi wa kukubaliwa. Wikiendi hiyo tokeni na baiskeli zenu sehemu ya tambarare, mazoeze kubana breki na kuachia, hasa kwenye lami iliyolowa mahali pasipo na magari.

Na mtakapokwenda, mkarudi salama na matope mpaka masikioni, msizitupe baiskeli stoo mkakimbilia kuoga. Zimwagieni maji taratibu, si kwa presha ya kuoshea magari, hiyo inaingiza maji kwenye bearingi. Futeni cheni, itieni oili. Halafu toa raba za breki uzitazame kwa karibu: mchanga wa mlimani huwa unajificha humo, na ukiuacha utakula rimu kidogo kidogo. Chokonoa kwa ncha ya kisu. Kama raba zimeisha, fundi yupo mtaani kwenu, mpelekee kesho yake, kabla hamjasahau.